Mganga Hajigangi? Kauri, Jiko na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kuijibia maswali ya mtihani, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Makala haya yananuia kuitilia shaka, japo si kwa sababu ya mganga yeyote wa kibinadamu. Kuna udongo uliochomwa ambao, ukipata ufa ukiwa ndani ya moto mkali, hujiganga wenyewe. Wanasayansi wameutafiti kwa zaidi ya nusu karne. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujaupatia hata jina, na hiyo ndiyo hoja yangu.

Nianze na kisa kilichonitia aibu. Likizo moja nilikuwa nyumbani Nyamira, na jiko la makaa la mama lilikuwa limepasuka. Ufa ulianza mdomoni mwa ule udongo wa ndani ukateremka hadi kwenye kitako chenye matundu. Nililibeba hadi mjini Kisii kwa fundi mmoja mzee, nikiandamana na binamu yangu anayesomea uhandisi. Fundi aliligeuza jiko, akaugonga udongo kwa ukucha, akasikiliza, kisha akaanza kuchanganya udongo na jivu ili auzibe ule ufa. Alipogundua kwamba sote wawili tulikuwa wa chuo kikuu, akatuuliza iwapo huko vyuoni hakujavumbuliwa udongo usiopasuka.

Binamu yangu akafurahi. Akamwambia kwamba kumevumbuliwa kitu bora kuliko hicho, yaani udongo unaopasuka kisha ukajitengeneza wenyewe. Mzee akaacha kazi akamtazama. Sentensi ya kwanza ya maelezo ilikuwa ya Kiswahili. Ya pili ilianza kwa Kiswahili ikamalizika kwa Kiingereza. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza tupu. Binamu akajishtukia, akanigeukia na kusema, "Wewe ndiwe wa Kiswahili, hebu mweleze mzee." Mimi niliyekwisha kupita mitihani ya fonolojia, sintaksia na nadharia za uhakiki nikafungua kinywa na nisipate la kusema. Mzee akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye udongo wake.

Wanachama wenzangu, sidhani kwamba siku ile ilikosekana akili. Fundi alikuwa nayo, na binamu alikuwa nayo pia. Kilichokosekana ni maneno, na maneno ndiyo kazi tuliyoichagua sisi.

Jiko na ufa wake

Jiko lile lenyewe lina historia. Jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafundi na wataalamu kuchunguza jiko la ndoo lililokuwa likitumika Thailand na kulioanisha na jiko la bati tulilolizoea. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na suala la kuni na makaa lilikuwa midomoni mwa wengi. Udongo wa ndani huzuia joto lisipotee, na kwa hiyo makaa hupungua. Uzuri wa jiko umo katika udongo huo, na udhaifu wake umo humo humo.

Kwa nini udongo uliochomwa hupasuka? Chuma kikivutwa au kugongwa hupinda kabla ya kukatika, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuteleza moja juu ya nyingine. Chembe za udongo uliochomwa zimeshikamana kwa nguvu sana, hata haziwezi kuteleza. Ushikamano huo ndio unaoufanya ustahimili joto ambalo lingelainisha metali nyingi, na ndio pia unaoufanya usijue kupinda. Sehemu moja ikipata moto ikatanuka na jirani yake ikabaki baridi, pande hizo mbili huvutana. Penye kasoro ndogo kabisa, nguvu zote hukusanyika nchani mwa ile kasoro, na ufa huanza kutembea. Mwenye kuzima jiko kwa maji ameyaona haya bila kufundishwa na mtu.

Haya si mambo ya jikoni pekee. Viwanda vya chai vya Nyamira, kama vile Nyansiongo, Kebirigo na Sanganyi, hukausha majani kwa hewa inayopashwa moto na mvuke wa bwela. Tanuri ya bwela la kuni hujengwa ndani kwa matofali maalumu yanayostahimili moto, na matofali hayo nayo hupata nyufa kadiri moto unavyowashwa na kuzimwa. Basi ufa wa jiko la mama na ufa wa tanuri ya kiwanda ni ndugu wa tumbo moja. Ndugu yao wa tatu yuko mbali zaidi, ndani ya injini ya ndege.

Udongo unaojiganga

Kauri ndilo jina tutakalolitumia hapa kwa kila kilichofinyangwa au kushindiliwa kutokana na unga wa madini kisha kikachomwa hadi kikawa kigumu. Wahandisi wanaitamani kauri kwa ajili ya injini kwa sababu mbili. Kwanza, inavumilia joto kali. Pili, ni nyepesi: aloi za nikeli zinazotengenezewa mapanga ya injini za ndege zina uzito wa zaidi ya gramu 8 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali kauri ya alumina ina takriban gramu 4, na ile ya kabidi ya silikoni ina gramu 3 na ushei. Chombo kikiwa chepesi na moto ukiwa mkali zaidi, mafuta hupungua. Kizuizi ni ufa. Hakuna rubani atakayekubali kuruka na injini inayoweza kupasuka kama chungu.

Mwaka 1970, mtafiti F. F. Lange alichapisha taarifa kwamba nyufa za juu juu katika kabidi ya silikoni zilipona pale kauri hiyo ilipopashwa joto penye hewa. Katika miaka iliyofuata, hasa kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama nchini Japani, wakiongozwa na Kotoji Ando, waliifanya tabia hiyo kuwa mbinu ya makusudi. Waliichanganya kauri kama alumina na chembechembe ndogo sana za kabidi ya silikoni kabla ya kuichoma.

Siri yenyewe ni hii. Kauri ikiwa nzima, chembechembe zile zimelala ndani yake bila kazi. Ufa ukipita, unazifunua, na hewa inaingia. Kwa kuwa joto limefika nyuzi 1000 au zaidi, oksijeni ya hewa inaungana na kabidi ya silikoni na kuzaa silika, ambayo ndiyo maada kuu ya mchanga na ya kioo. Silika hiyo huchukua nafasi inayokaribia maradufu ya ile ya kabidi iliyoizaa. Kwa hiyo inavimba, inajaza mwanya, inagandamana na kuta zote mbili za ufa, na kauri inarudishiwa nguvu yake. Moto uliosababisha ufa ndio unaouponya.

Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Maada ya Japani, akiwemo Toshio Osada, pamoja na wenzao wa Yokohama, walikwenda hatua nyingine. Walitazama jinsi mfupa wa binadamu unavyounga. Mfupa hauungi kwa nguvu zake tu, bali una mtandao wa mishipa unaopeleka mahitaji mahali palipovunjika. Wakaiga. Wakaweka kiasi kidogo mno cha oksidi ya manganizi kwenye mipaka ya punje za alumina, kikawa kama mtandao wa kuchochea uponyaji. Ufa uliokuwa ukihitaji muda mrefu ukaweza kupona kwa dakika moja tu katika nyuzi 1000.

Haifai kutia chumvi. Kauri hii huponya nyufa ndogo, zile ambazo jicho huziona kwa shida, na wala haiunganishi vigae vilivyotawanyika sakafuni. Inahitaji joto kali, inahitaji hewa, na chembechembe zake zikitumika zote hakuna nyingine. Jiko la makaa la mama halitatengenezwa kwa kauri hii kesho wala kesho kutwa, kwani bei yake na namna ya kuitengeneza haviko karibu na karakana ya fundi wa mjini. Hata hivyo, maelezo hayo yote nimeyatoa kwa Kiswahili, na sidhani kama kuna msomaji aliyepotea njiani. Laiti ningeyajua siku ile.

Jina lake nani?

Hapa ndipo kazi yetu inapoanzia. Tuiiteje kauri hii? Nimewauliza wenzangu kadhaa, na majibu yao ni ya namna nne.

Kuna wanaosema kauri ya kujiziba. Kuziba ni neno zuri, na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inalipa uzito. Lakini kuziba ni kujaza mwanya tu. Fundi wetu aliuziba ufa wa jiko kwa udongo na jivu, na baada ya majuma mawili ukafunguka palepale, kwa kuwa kilichozibwa hakikurudishiwa nguvu. Neno hili linasema nusu ya habari.

Kuna wanaosema kauri ya kujiunga, kwa kuwa mfupa huunga. Hili linaikaribia sayansi yenyewe, maana tumeona kwamba watafiti waliiga mfupa. Tatizo ni kwamba kujiunga kumekwisha kushika kazi nyingine. Watu hujiunga na chuo, na chama, na jeshi. Msomaji atauliza kauri imejiunga na nini.

Kuna wanaosema kauri ya kujiponya. Hili linaeleweka haraka, na sitagombana na atakayelitumia. Ila kuponya kunaelekea zaidi kwenye mwili na maradhi, kukakiacha nyuma chombo.

Mimi napendekeza kauri ya kujiganga. Leo tukisikia kuganga tunamwaza mganga na vibuyu vyake, lakini kamusi za zamani zinatukumbusha kwamba kitenzi hiki kilikuwa na maana pana. Kuganga kulikuwa ni kufunga na kukaza kilichovunjika au kilichopasuka, uwe ubao, uwe mguu, na pia kutibu mgonjwa. Yaani Kiswahili kilikuwa na neno moja lililokusanya ufundi na utabibu, chombo na mwili, muda mrefu kabla ya wahandisi kuiazima habari ya mfupa ili waielezee kauri. Hatuhitaji kuunda neno. Tunahitaji kulikumbuka.

Tena Gusii ni mahali pazuri pa kulikumbukia. Vitabu vya tiba duniani vinawataja ababari, yaani wale wapasuaji wa jadi wa Abagusii waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wakautafuta ufa wa mfupa na kuukwangua ili kumwondolea maumivu. Omobari aliujua ufa kwa kuugusa na kuutazama. Fundi wa jiko huujua kwa kugonga na kusikiliza. Watu wa nchi hii ya milima hawakungoja maabara ili waanze kuufikiria ufa.

Isitoshe, sayansi yote niliyoieleza ina mifano yake vijijini mwetu. Mfinyanzi husaga vigae vya chungu kilichovunjika na kuvichanganya katika udongo mbichi, ili ufa ukianza ukutane na kizuizi. Mchomaji wa matofali, kati ya Keroka na Ogembo, anajua kwamba matofali yaliyokaribiana na moto huota ngozi ya kioo na kushikana, ilhali ya pembeni hubaki mepesi na hafifu. Kioo hicho kinachojaza vinyweleo vya tofali na silika inayojaza ufa wa kauri ya Yokohama ni wa ukoo mmoja. Mchongaji wa Tabaka naye anajua ni wapi jiwe litapasuka kabla hajaliwekea patasi. Watu hawa wana maneno ya kazi zao. Nani kati yetu amewahi kuyakusanya?

Wanaopinga

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba lugha ya sayansi ni Kiingereza, na mhandisi wa Kenya atasoma kwa Kiingereza apende asipende. Sikatai. Binamu yangu alijifunza kwa Kiingereza, na sitaki aache. Ninachouliza ni hiki: akishajifunza, atamwambia nani? Mhandisi wa kiwanda akishindwa kuzungumza na mchochea kuni wa bwela kuhusu ufa aliouona, ufa huo utaendelea kutembea.

La pili ni kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya Mgusii, na kwa hiyo afadhali tupeleke sayansi kwa Ekegusii moja kwa moja. Hoja hii naiheshimu, na anayeweza kufanya hivyo afanye. Lakini makaa ya jiko letu huweza kutoka mbali, bati lake likatoka Nairobi, na fundi akaliuza kwa Mluo, Mkipsigis au Mkuria. Lugha inayopita katika soko hilo ni Kiswahili. Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa, na pia kuwa rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Urasmi usioweza kueleza tofali una faida gani?

La tatu ndilo zito zaidi, kwamba istilahi zikibuniwa hazitumiki. Ni kweli zipo zilizokufa vitabuni. Lakini tutazame neno UKIMWI. Waliosema upungufu wa kinga mwilini walifupisha somo zima la tiba likaingia katika neno moja, na neno likafika kila kijiji kwa sababu lilikuja wakati watu wanalihitaji. Tutazame pia tarakilishi na kompyuta. Mwanafunzi wa Kenya alifundishwa hili, jirani yake wa Tanzania akatumia lile, na hadi leo tunabishana, kwa kuwa chombo kilikuja kwanza na sisi tukachelewa kila mmoja kwa njia yake.

Hapo ndipo kauri inapotufundisha. Dawa yake hailetwi baada ya ufa. Huchanganywa katika unga kabla ya kuchomwa, ikakaa kimya ikingoja siku itakapohitajika. Istilahi nazo zinafaa kuwekwa mapema, katika miaka ambayo mwanafunzi bado ni udongo mbichi. Akishachomwa kwa lugha moja tu, kumkandika nyingine kwa nje ni kama kazi ya fundi wetu: inafaa kwa majuma mawili.

La kufanya

Sipendi makala yanayomalizika kwa kuilaumu serikali. Hapa nchini hatuna chombo cha umri na mazoea kama ya Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lakini kuna mambo matatu ambayo chama cha wanafunzi kinaweza kuyafanya bila kumngoja mtu.

Kwanza, kila mwanachama akienda likizo arudi na maneno ishirini ya kazi moja ya mikono: ya mfinyanzi, ya mchoma matofali, ya mchongaji, ya mchochea bwela. Ayaandike jinsi yanavyosemwa, pamoja na maana kama ilivyoelezwa na mwenye kazi, si kama anavyoikisia yeye. Hiyo ni isimujamii halisi, na haihitaji ruzuku.

Pili, kila muhula tumwalike mwanafunzi mmoja wa sayansi au uhandisi aje aeleze jambo moja analolisoma, kwa Kiswahili, mbele yetu. Atakwama. Pale atakapokwama ndipo tutakapofanya kazi pamoja naye. Neno litakalozaliwa hivyo litakuwa na wazazi wawili, mwenye lugha na mwenye taaluma.

Tatu, maneno hayo tuyachapishe humu jaridani pamoja na sentensi zinazoyatumia, kisha tuyapeleke kwa wahadhiri wetu wayapime, na kupitia kwao yafike hata Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar. Yakikataliwa, tuambiwe sababu, nasi tutakuwa tumejifunza.

Mimi nimeanza. Nilirudi kwa yule fundi likizo iliyofuata, safari hii bila jiko. Nilimweleza habari ya chembechembe zinazolala ndani ya kauri na kuamshwa na ufa. Nilitumia maneno ya makala haya, na sikuhitaji hata neno moja la Kiingereza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: chembechembe hizo zikiisha, je, kauri hiyo inaweza kuchanganyiwa nyingine, au ndiyo basi? Ni swali zuri mno, na nilimbebea binamu yangu alijibu.

Wahenga hawakukosea. Mganga hajigangi, ila aliyewekewa dawa mwilini mapema. Kiswahili kina dawa hiyo katika kamusi zake za kale na katika vinywa vya mafundi wake. Kazi ya kuichanganya ni yetu.